Mshale Ukitulia Kitonga

Kitu cha kwanza ambacho mjomba alinifundisha kwenye Fuso lake ni namna ya kushuka gari likiwa bado linatembea. Siyo kwamba alipenda mchezo huo. Alijua tu kuwa utingo, apende asipende, ipo siku atashuka hivyo: gari limejaa viazi, limeelemewa mlimani, injini inakohoa, na gogo la kuzuia tairi linatakiwa liwe nyuma ya tairi sasa hivi. "Mjomba," aliniambia (yeye ananiita mjomba, nami namwita mjomba, ndivyo tulivyozoeana), "ukishuka, uso uelekee linakoenda gari, na miguu ikimbie linakoenda gari. Ukitaka kusimama hapohapo ulipokanyaga, lami itakuchuna uso."

Nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na kwenye matokeo yangu fizikia ilikuwa F. Nilishuka vilevile alivyoniambia, kwenye kilima cha Isyonje, asubuhi ya ukungu, gogo nimelikumbatia kifuani. Miguu ilipogusa lami ikakimbia yenyewe hatua nne, tano, ndipo nikaweza kusimama. Gogo likaingia, gari likatulia. Wala haikunijia akilini kwamba sheria ya kwanza ya Newton, ile niliyoikariri kwa Kiingereza mpaka naitamka bila kupumua, ndiyo iliyonikimbiza. Nilipokuwa garini mwili wangu ulikuwa na mwendo wa gari. Niliposhuka, mwendo haukubaki garini, nilishuka nao. Lami ilishika unyayo, kiwiliwili kikawa bado kinakwenda, na zile hatua tano ndizo zilizokuwa zikikipunguza mwendo kidogo kidogo. Kila konda wa hiace kati ya Kabwe na Mbalizi anaijua sheria hiyo kwa miguu yake. Mimi niliijua kwa miguu na kwa ulimi, lakini miguu na ulimi havikuwahi kukutana.

Miaka miwili nilikaa kwenye Fuso lile. Tulipakia viazi Isyonje au Uyole, tukashika njia ya Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, Iringa, Ilula, halafu mteremko mkali wa Kitonga, halafu joto la Ruaha Mbuyuni linakupiga usoni kama umefunua sufuria, halafu Mikumi, Morogoro, Dar. Nilirudi shule nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Sasa ni mwaka wa nane nafundisha tyusheni ya fizikia hapa Uyole, kwenye chumba kimoja chenye benchi sita na ubao niliopaka rangi mwenyewe. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angenikalisha na kuniambia nikiwa kidato cha pili.

Niseme kwanza nilivyofeli, kwa sababu naona watoto wanafeli vilevile hadi leo. Sikuwa mvivu. Kanuni zote nilikuwa nazo kichwani. Swali likija nilitafuta herufi: hapa kuna kasi ya mwanzo, hapa kuna muda, hapa kuna umbali, kanuni ipi ina herufi hizi tatu? Nachomeka namba, napata jibu, napiga mstari chini. Nakumbuka jibu moja nililoliandika kwa mwandiko mzuri kabisa: lori linakwenda mita 400 kwa sekunde. Hiyo ni kilometa 1,440 kwa saa. Sauti yenyewe hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo lori langu lingefika Makambako kabla honi yake haijasikika. Sikushtuka, kwa sababu sikuona lori. Niliona herufi. Maswali yenyewe yalizungumzia "kitu" kilichowekwa kwenye "ubapa ulioinama", na kwa lugha ambayo nyumbani hatuiongei. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba ubapa ulioinama ni Kitonga, na kile kitu ni sisi na viazi vyetu.

Swali lililonigeuza lilikuwa kwenye karatasi ya mitihani ya zamani, niliyonunua kwa muuza vitabu pale Mwanjelwa. Kitu cha kilo 5 kinateleza kwenye mteremko wenye pembe ya nyuzi 30, kwa kasi isiyobadilika. Tafuta kani, yaani nguvu, ya msuguano. Nikajua kwamba uzito wake ni newtoni 50 (kila kilo dunia inaivuta kwa kani ya kama newtoni 10), na kwamba kwenye pembe ya nyuzi 30 nusu ya uzito huo ndiyo inayokivuta kuelekea chini ya mteremko, yaani newtoni 25. Hapo nikakwama. Nikawaza, kama mvuto wa kwenda chini ni 25, msuguano lazima uwe pungufu ya 25, maana kitu kinashuka. Kama vingelingana si kingesimama? Nikaandika 20 kwa kubahatisha. Nikatazama majibu nyuma: 25.

Nilibishana na karatasi ile siku tatu. Nilidhani wamekosea kuchapa. Jioni ya siku ya tatu umeme ulikatika, nikawa nimekaa gizani, na kilichonijia siyo kanuni ila kazi niliyopewa na mjomba kila tulipofika juu ya Kitonga.

Mjomba alikuwa na utaratibu. Kabla ya kuanza kushuka anasimama pembeni. Anazunguka gari, anagonga tairi moja moja kwa chuma na kusikiliza, anatazama kama upepo wa breki umejaa. Anarudi kwenye usukani, anaingiza gia namba mbili, na ananiambia maneno yaleyale: "Mjomba, mimi natazama barabara. Wewe tazama mshale. Ukianza kupanda, niambie." Kutoka hapo hadi chini, kulia au kushoto kwetu ukuta wa mwamba, upande wa pili bonde, mimi nimekodolea macho mshale wa spidi. Injini inanguruma kwa hasira, viazi vinanukia udongo, na mshale umetulia kidogo chini ya 30. Haupandi, haushuki. Ukipanda hata upana wa kidole nasema "Mjomba!", na mguu wake unagusa breki, na mshale unarudi. Akiachia mapema, mshale unatulia. Akichelewa kuachia, mshale unazidi kushuka.

Nikajiuliza pale gizani: mvuto ulipoizidi breki, mshale ulifanya nini? Ulipanda. Breki ilipouzidi mvuto? Ulishuka. Sasa ulipotulia, nani alikuwa amemzidi mwenzake?

Hakuna. Vililingana. Na gari lilikuwa linashuka wakati wote huo.

Sijui kama naweza kueleza jinsi nilivyojisikia. Niliwasha tochi ya simu nikafuta ile 20. Nilikuwa nimeamini tangu utoto kwamba kitu kikienda, basi upande kinakoenda ndiko kani ilikozidi. Na kuamini hivyo si ujinga, maana maisha yote ya huku yanatufundisha hivyo: ukiacha kusukuma mkokoteni, unasimama, ukiacha kukanyaga pedeli ya baiskeli mlimani, unasimama. Tunasahau kwamba unasimama kwa sababu msuguano haujaacha kufanya kazi wakati wewe umeacha. Watu wenye akili nyingi waliamini hivyo kwa karne nyingi kabla ya Galileo, na Newton alipochapisha sheria zake mwaka 1687 alikuwa anapingana na macho ya kila mtu, yakiwemo yangu. Kani haiulizi kitu kinakwenda wapi wala kwa kasi gani. Inauliza kama mwendo unabadilika. Gari lililoegeshwa, mshale uko kwenye sifuri na umetulia: kani zimelingana. Gari linalokwenda 80 tambarare ya Igurusi, mshale umetulia: kani zimelingana vilevile. Swali la kwanza ninalomuuliza mwanafunzi siku hizi, kabla hajagusa kalamu, ni hilo: mshale unafanya nini? Akishanijibu, nusu ya hesabu imeisha.

Kutoka hapo nilianza kuyageuza maswali yote. Nalisoma kwa Kiingereza mara moja, halafu naliandika upya kwa Kiswahili kwenye daftari, na "kitu" nakipa jina. Kikiwa kwenye mteremko, kinakuwa Fuso. Kikivutwa kwa kamba, kinakuwa ndama. Kikidondoka, kinakuwa parachichi. Nilifanya hivyo kwa maswali zaidi ya mia, na wanafunzi wangu nawalazimisha wafanye. Mtihani utabaki kwa Kiingereza na lazima wajibu kwa Kiingereza, hilo siwadanganyi. Lakini kufikiri ni kabla ya kujibu, na mtu hufikiri vizuri pale anapoona.

Kuna jambo la pili lililonichukua muda mrefu zaidi, na hili mjomba hakunisaidia, maana hata yeye alibisha. Shuleni tuliandika kwamba msuguano unapinga mwendo. Sentensi hiyo imo kwenye madaftari ya nusu ya watoto wanaokuja kwangu. Sasa chukua gunia moja la viazi, kilo 100, limewekwa juu ya mbao za bodi ya Fuso. Hakuna kamba. Gari linaondoka Uyole. Gunia nalo linaondoka. Nani analisukuma gunia kwenda mbele?

Namna pekee niliyoiona ya kujibu swali kama hili bila kupotea ni kukitenga kitu kimoja na kuuliza: nani anakigusa? Ukiacha uzito, yaani dunia inayokivuta kila kitu bila kukigusa, kani nyingine zote za maswali yetu haya ya mwendo huja kwa kugusana. Gunia langu linaguswa na nani? Na mbao chini yake, na hewa. Basi. Hewa hailisukumi mbele, kama inafanya chochote inalirudisha nyuma. Zimebaki mbao. Na mbao haziwezi kulisukuma gunia kwa ubavu, ziko chini yake. Kinachowezekana kati ya mbao na gunia ni msuguano tu. Kwa hiyo msuguano, ule tuliouandika kuwa adui wa mwendo, ndio unaolipeleka gunia Dar es Salaam. Unachokipinga siyo mwendo bali kuteleza, yaani nyuso mbili kupishana. Mbao zinataka kulikimbia gunia, msuguano unakataa, gunia linafuata.

Na ukishajua hivyo unaweza kuhesabu mambo ambayo utingo anayajua kwa hofu tu. Tuseme mbao na gunia vinashikana kiasi kwamba msuguano mkubwa kabisa unaowezekana ni sehemu 4 kwa 10 za uzito. Uzito wa gunia ni newtoni 1,000, kwa hiyo msuguano hauwezi kuzidi newtoni 400. Gawa kwa kilo 100: mchapuko (kiasi ambacho kasi inabadilika kila sekunde) wa mita 4 kwa sekunde kwa sekunde, usizidi hapo. Fuso lenye mzigo haliwezi kuondoka kwa nguvu hivyo, ndiyo maana ukiondoka gunia linatii. Lakini kufunga breki ghafla barabara ikiwa kavu kunaweza kufika mita 5. Hapo gari linapunguza mwendo kwa 5, gunia linaweza kupunguza kwa 4 tu, na inayobaki inalileta gunia mbele, kwenye kabini, kwenye mgongo wako. Uzuri au ubaya wake ni kwamba namba hiyo ya 4 haibadiliki ukiongeza uzito wa gunia. Gunia la kilo 50 na lumbesa ya kilo 150 vitaanza kuteleza pamoja, maana uzito ukiongezeka, msuguano unaongezeka, na kazi ya kulisimamisha gunia nayo inaongezeka vilevile. Wapakiaji wengi wanaamini gunia zito halihitaji kamba. Nimewahi kusafiri nimelala juu ya mzigo uliofungwa kwa imani hiyo, mwenye mzigo alikuwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na haraka, na breki ya ghafla karibu na Mafinga ilitosha. Hakuna aliyekufa. Mwenzangu alivunjika mkono. Naandika hili nikiwa na maana yake yote: fungeni kamba.

Nilisema mshale ndio hakimu. Niliwafundisha watoto hivyo kwa miaka minne bila wasiwasi wowote, mpaka binti mmoja wa kidato cha tatu, mkimya, anayekuja kwa miguu kutoka Igawilo, aliponyoosha mkono.

"Shikamoo mwalimu. Samahani. Kwenye kona za kushuka Tukuyu, dereva hapunguzi, mshale umetulia. Lakini mimi naegemea mlango mpaka bega linauma. Kama kani zimelingana, nani ananisukuma?"

Darasa lilicheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa sina jibu la haraka, na nilijua kwamba ameona tundu kwenye kitu nilichokuwa nakipenda. Nikamwambia ukweli: "Swali lako ni kubwa kuliko kanuni yangu. Nipe hadi kesho." Usiku ule nilikaa nalo. Nilichokifundisha kilikuwa na upungufu. Mshale unasema gari linakwenda kasi gani, hausemi linaelekea wapi. Kwenye kona kasi imetulia lakini uelekeo unageuka kila sekunde, na kugeuka nako ni mwendo kubadilika. Kwa hiyo kani hazijalingana, ipo iliyozidi, nayo inaelekea ndani ya kona.

Kesho yake nilimweka kwenye kiti mbele ya darasa, nikamwomba afikirie anapanda kosta, kona ya kulia, yeye amekaa dirishani kushoto. Nikawauliza wote swali letu la gunia: nani anamgusa? Kiti. Mlango. Hewa. Kuna mtu yeyote anayemsukuma kwenda kushoto, nje ya kona? Wakatafuta. Hakuna. Mlango unamsukuma kwenda kulia, ndani. Mwili wake ulitaka kuendelea kunyooka, kama mimi niliposhuka na gogo. Kosta ndiyo iliyogeuka na kumletea mlango begani. Anahisi ametupwa kwenye mlango, kumbe mlango ndio uliomjia. Yule binti alitazama mkono wake muda mrefu, akagusa bega, akasema taratibu, "Kwa hiyo ninapoumia ndipo ninapoongozwa." Nililiandika ubaoni na likakaa wiki nzima.

Halafu tukahesabu kona yenyewe. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, gari mita 10 kwa sekunde, yaani kilometa 36 kwa saa. Kasi zidisha kwa kasi, gawa kwa nusu kipenyo: 100 gawa kwa 50, mchapuko wa mita 2 kwenda ndani ya kona. Matairi yanaumudu, na gunia letu la mita 4 linaumudu. Ongeza kasi mara mbili, mita 20 kwa sekunde, kilometa 72 kwa saa: 400 gawa kwa 50 ni 8. Haikuongezeka mara mbili, imeongezeka mara nne. Gunia lilishaondoka zamani, na tairi lenyewe kwenye lami yenye maji halina uwezo huo. Mwanafunzi mmoja ambaye kaka yake ni bodaboda aliinakili hesabu ile kwenye karatasi tofauti na kuondoka nayo.

Tabia hiyohiyo ya mara nne iko kwenye breki. Gari linalopunguza mwendo kwa mita 5 kila sekunde, likiwa kilometa 36 kwa saa litasimama baada ya mita 10. Likiwa 72, baada ya mita 40. Na hapo hujahesabu sekunde moja ambayo dereva anashtuka na mguu haujafika kwenye pedeli: mita 10 nyingine kwa wa kwanza, 20 kwa wa pili. Jumla 20 na 60. Huku kwetu ukungu unaposhuka pale Inyala huoni hata hizo 60.

Kila nikimkumbuka yule binti namkumbuka pia Erasto Mpemba, na wanafunzi wangu wote nimewasimulia habari zake. Alikuwa mwanafunzi hapa Tanzania, akagundua katika kutengeneza aiskrimu kwamba maziwa ya moto yanaweza kuganda kabla ya yaliyopoa. Aliuliza, akaambiwa amekosea. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, mtu wa fizikia, na Mpemba akasimama akamuuliza swali lilelile mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne hakumcheka, alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanasayansi wanabishania jambo hilo hadi leo. Swali hilo ni la joto na baridi, siyo la mwendo, lakini mimi nalileta darasani kila muhula kwa sababu liliulizwa Iringa, kwenye baridi kama yetu, na mtu aliyekuwa ameshika chombo chenyewe mkononi.

Mjomba hakusoma zaidi ya darasa la saba. Mwaka jana alikuja kunitembelea akitokea safari, nikamwonyesha hesabu niliyokuwa nawaandalia watoto. Nilimwambia tuchukue gari na mzigo, jumla tani 10, ili namba ziwe nyepesi. Mteremko wa kilometa 4, ambao kila mita 10 za barabara unashuka mita 1. Uzito ni newtoni 100,000, na sehemu moja ya kumi ndiyo inayovuta kwenda chini ya mteremko, newtoni 10,000. Mshale ukitulia, breki na injini kwa pamoja vinarudisha newtoni 10,000 hizohizo. Toka juu hadi chini gari limeshuka mita 400, na nishati iliyotoka, newtoni 10,000 zidisha kwa mita 4,000, ni juli milioni 40. Kasi haikuongezeka, kwa hiyo nishati hiyo haikwenda kwenye mwendo. Imekwenda wapi?

"Kwenye breki," alisema. "Ndiyo zinazonuka."

Nikamwambia juli milioni 40 zinatosha kuchukua maji ya baridi, madebe sita, na kuyafikisha kuchemka. Akanyamaza. Alitazama pembeni ya mlango, palipokuwa na debe moja la maji ya kunawa, akalitazama kama analihesabu mara sita. "Kwenye zile ngoma za breki," alisema. "Madebe sita."

"Ukishuka na gia, sehemu kubwa inabebwa na injini. Ukiachia fri, yote yanabebwa na breki."

Alikaa kimya tena. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza: "Na nikishuka polepole zaidi, madebe yanapungua?"

Niliona raha ambayo siwezi kuificha. Nikamwambia hapana, mjomba, madebe ni yaleyale sita, kwa sababu mlima ni uleule na mzigo ni uleule. Lakini ukishuka mita 10 kwa sekunde unatumia sekunde 400, na joto linaingia kwa kasi ya pasi mia moja za umeme zilizowashwa pamoja. Ukishuka mita 5 kwa sekunde unatumia sekunde 800, ni pasi hamsini, na upepo unapata muda mara mbili wa kulitoa.

"Kwa hiyo anayenisaidia ni upepo."

"Na muda."

Alichukua kalamu mkononi mwangu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akachora mstari wa mteremko na kisanduku juu yake. Akachora mshale mmoja kwenda chini, mwingine kurudi juu ya mteremko, akailinganisha urefu kwa kucha ya kidole gumba. Akageuza karatasi kwangu.

"Sasa nionyeshe," alisema, "mvua ikiwa inanyesha."

Nikavuta kiti.